Hela ya nyanya isiishie kwenye pagale

Leo tuweke pembeni mbolea na viwavi, tuongelee hela baada ya mavuno.

Bei ikiwa nzuri, mafundi ujenzi hawapatikani. Kijana anauza nyanya, ananunua kiwanja, anainua nyumba kubwa mpaka kwenye lenta, hela inakata. Msimu ukifika anakopa mbegu na dawa dukani kwa ahadi ya mavuno. Hapo mimi sikubaliani. Pagale haliingizi kodi na mtaji wa shamba umeshaliwa.

Kama unataka kipato cha miaka mingi, jenga vyumba vya kupangisha, tena kwa faida tu. Ukishauza, tenga kwanza mtaji wote wa msimu unaofuata. Kinachobaki ndicho cha kujengea.

Tupige hesabu ya mfano. Vyumba viwili vimekugharimu milioni 8, kila kimoja unapangisha 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 960,000. Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa vitupu na mwezi mmoja wa marekebisho, unabaki na 800,000. Yaani hela yako inarudi baada ya miaka 10. Ekari ya nyanya ikikubali inaweza kukupa zaidi ya hapo kwa msimu mmoja. Je, isipokubali? Ndiyo maana nasema chumba hakishindani na shamba. Kazi yake ni kulishikilia shamba mwaka ambao bei imeanguka.

Sasa, ukiamua, fanya hivi:

Usikimbilie mjini. Angalia mji mdogo wa karibu wenye shule, kituo cha afya na soko. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wanahitaji pa kulala.

Nunua kiwanja kilichopimwa, na kabla ya kutoa hela nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uhakikishe ni cha nani. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa peke yake hautoshi. Muuzaji akiwa na mke au mume, naye asaini.

Maliza vyumba viwili kabisa, na choo, maji na umeme, mpangaji aingie. Ndipo uanze vingine viwili. Vyumba viwili vyenye mpangaji ni bora kuliko sita visivyo na bati.

Andikishaneni mkataba, hata kama mpangaji ni ndugu.

La mwisho, na wengi hawalifikirii: panga tarehe za kodi zifuate kalenda ya shamba. Huku kwetu nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba au Desemba. Mpangaji anayelipa miezi sita kwa mkupuo, mkubaliane alipe Aprili na Oktoba. Kodi ya Oktoba inakukuta unatafuta hela ya mbegu na mbolea, na huna haja ya kumpigia mtu magoti.

Najua wapo watakaosema nyumba kubwa ni heshima. Sawa, itakuja. Lakini mkulima anayeingia msimu bila deni la dukani ndiye anayechagua auze lini na kwa bei gani. Kwangu mimi heshima inaanzia hapo.

Msimu mwema.