Nilimfundisha kusoma, sikumuuliza neno

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu wa watu wenye umri wa kunizaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na kijiji kikanikabidhi chaki, ubao uliopasuka pembeni na taa ya chemli. Kisomo chetu kilikuwa chini ya mwembe, hapa hapa kisiwani Ukerewe. Saa kumi jioni walikuja akina mama kutoka kwenye mihogo, mikono bado ina udongo. Wavuvi waliongezeka siku za mbalamwezi, kwa kuwa dagaa huifuata taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi ziwani.

Katika wanakisomo wangu alikuwamo bibi mmoja mkunga. Ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Mkono ulioishika shingo yangu kabla sijajua kupumua vizuri, sasa mimi ndiye niliyeushika kuuonyesha namna ya kuandika herufi a. Aliniita mwalimu, na hata nilipomwomba aniite mjukuu kama zamani alikataa. Agosti 1977 alifanya mtihani wa taifa wa kisomo akafaulu, na siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Alifariki miaka mingi baadaye, nami nikiwa kazini bara. Nilipopata habari ndipo nilipotambua jambo ambalo halijaniacha mpaka leo. Nilikaa na yule bibi jioni tatu kila wiki kwa karibu miaka miwili, na sikumuuliza swali hata moja. Sikumuuliza alijuaje mtoto amekaa vibaya tumboni. Sikumuuliza nani alimfundisha, na kwa muda gani, wala siku ya kwanza alipoachiwa mzazi peke yake usiku alifanya nini. Vyote hivyo vilikuwa mbele yangu, vimekaa kwenye mkeka, vinasubiri niseme "rudieni baada yangu".

Sisemi haya kukibeza kisomo. Kizazi changu kina haki ya kujivunia kazi ile. Mwaka 1967, kati ya Watanzania watu wazima 100, takribani 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1977 idadi hiyo ilikuwa imeshuka mpaka 27, na 1986, kwa hesabu za serikali, walibaki chini ya 10. Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kuimaliza kazi hiyo kabla mwaka 1971 haujaisha. Kazi ilifanywa na walimu wa shule, lakini ilifanywa pia na vijana kama mimi, kwa posho ndogo na moyo mkubwa. Nimewaona wazee wakilia siku ya kwanza walipoandika majina yao wenyewe badala ya kubandika kidole gumba.

Ila jina tulilolipa kazi ile lilikuwa "kufuta ujinga". Lifikirie neno hilo. Mzee anayejua kusoma mawingu juu ya ziwa akaamua leo mtumbwi usitoke, tulimwita mjinga kwa kuwa hajui kusoma karatasi. Na cha kusikitisha ni kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatuonya. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamika kwamba shule zinamfanya mtoto aamini kuwa maarifa yote ya maana yanatoka vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba hekima ya wazee inadharauliwa na wenyewe wanaonekana hawajui kitu. Tuliisoma. Tuliisifu. Halafu tukaenda chini ya mwembe tukafanya kile kile.

Hapa kisiwani tulikuwa na Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alikusanya maisha ya Wakerewe wa kale, ndoa zao, dawa zao, kilimo, misiba na mapishi, akayasuka kuwa riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nina baiskeli, na Kagunguli, alikokuwa akiishi, si mbali na kwetu. Sikuwahi kwenda kumsalimia. Nilikuja kuinunua riwaya yake nikiwa mwalimu Shinyanga, nikajifunza mambo ya nyumbani kwetu kutoka duka la mjini.

Nimestaafu miaka michache iliyopita, nikarudi. Sasa nina miaka 64, na sera ya taifa imeniingiza kwenye kundi la wazee tangu nilipotimiza 60. Kilichonishtua katika uzee si magoti. Ni kwamba hakuna aliyeniuliza kitu. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa siwezi kuvuka kiwanja cha shule bila kusimamishwa mara tano. Ghafla siku nzima inapita na swali pekee ninaloulizwa ni kama nimeshakula. Wanaouliza hivyo wananipenda, na nawashukuru. Lakini mtu anayeulizwa chakula tu huanza kujiona tumbo.

Kwa hiyo nataka niseme wazi ninachokiamini. Tunapozungumza juu ya kutowatenga wazee, mawazo yetu hukimbilia matibabu na fedha. Navyo ni vya lazima. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni aibu kwamba Bara bado hatuna kitu cha namna hiyo. Lakini mzee anaweza kuwa na dawa na pensheni na bado akawa nje ya jamii, kama hakuna mtu anayemhitaji Alhamisi. Anahitaji mwanafunzi. Na anahitaji pia mwalimu, kwa sababu dunia imebadilika akiwa anaitazama.

Nasema Alhamisi kwa kuwa ndiyo siku yetu. Mwaka jana nilimwendea mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani, nikamwomba saa moja na nusu baada ya vipindi, watoto wa darasa la tano, na kivuli. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nikamwambia vitabu vya somo hilo viko viwili: kimoja kimechapwa, kingine kimekaa majumbani kinaota jua. Alikubali. Tulianza na wazee wanne. Sasa ni kumi na mmoja, na mmoja huletwa kwa bodaboda ambayo wajukuu zake huichangia.

Utaratibu wetu ni mwepisi. Nusu ya kwanza mzee anafundisha, mtoto anaandika. Nusu ya pili mtoto anafundisha, mzee anashika simu. Tumekwisha kusikia jinsi watu walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa, kutoka kwa mtu aliyebomoa nyumba ya baba yake kwa mikono yake. Tumesikia jinsi mgono wa kunasia samaki unavyosukwa, na watoto wamesuka miwili, mmoja mbovu. Tumesikia pia habari za ziwa kabla ya sangara. Samaki yule aliletwa na watu miaka ya 1950, akaenea sana miaka ya 1980, akala furu mpaka aina nyingi zikapotea. Kwa watoto hawa sangara ndiye ziwa lenyewe. Walipomsikia bibi mmoja akiwataja ningu na ngege na furu wa kila rangi, mtoto mmoja aliuliza kama anatunga.

Na simu. Watu wa mjini hawajui mzee wa kijijini anaumia wapi hapo. Haumii kwa kukosa simu. Watoto wake wamemnunulia. Anaumia kwa kuwa namba yake ya siri inajulikana na wakala, na kijana wa dukani, na mpita njia aliyemsaidia juzi. Mmoja wa wazee wetu alipoteza fedha zote za mauzo ya machungwa kwa ujumbe mmoja uliomwambia "ile hela itume kwenye namba hii". Alikuwa kweli na mtu wa kumtumia, akadhani ni yeye. Aliona haya kuwaambia wanawe. Alimwambia binti wa miaka kumi na mmoja, kwa sababu ndiye mwalimu wake. Binti yule sasa amemzoeza asitume kitu kabla ya kupiga na kuisikia sauti.

Nimeulizwa: si hawa wazee wanaishi na wajukuu wao? Darasa la nini tena? Ni kweli, wengi wanalea wajukuu, tena peke yao, maana wazazi wako Mwanza au Dar es Salaam. Lakini kukaa nyumba moja si kuzungumza. Mtoto anarudi jioni, anachota maji, anafanya kazi za shule kwa mwanga uliopo, analala. Bibi anaagiza, mtoto anatii. Ndani ya boma hilo hakuna nafasi ya "bibi, ilikuwaje?" Nafasi hiyo lazima itengewe saa na mahali.

Wengine wanahofia kwamba wazee watawafundisha watoto mila mbaya. Hofu hiyo naiheshimu, maana si kila cha kale ni chema, na nimewahi kumsikia mzee akitetea kumwozesha binti wa darasa la sita. Ndiyo maana mwalimu hukaa nasi. Siku ile watoto walimbishia mzee kwa adabu, wakiwa wamesimama, na mzee akawasikiliza. Sijui ni wapi pengine mazungumzo hayo yangefanyika.

Lakini sababu yangu kubwa kuliko zote ni nzito, na naomba wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanielewe. Sisi ni watu ambao tumewaua bibi zetu. Tumewaua kwa mapanga, usiku, kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Nimefundisha Shinyanga, nimezika. Miezi mitatu iliyopita mtoto wa kiume aliyekuwa akijifunza kusuka mkeka alimtazama bibi wa kwetu usoni, akamuuliza mbele ya wote: "Bibi, mbona macho yako mekundu?" Nilishikwa na baridi. Yule bibi hakukasirika. Alimwambia amepika kwa kuni tangu akiwa mdogo kuliko yeye, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi haukuwahi kumpisha. Mtoto akafikiri, akasema mama yake naye ana jiko kama hilo. Wiki iliyofuata alitueleza kuwa amemwomba baba yake atoboe ukuta.

Kila ifikapo Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, tunawaita wazee uwanjani, tunawavisha fulana, tunawapa soda na hotuba, wanarudi nyumbani kusubiri Oktoba nyingine. Nawaomba maofisa elimu wa kata na walimu wakuu watupe kitu kisichohitaji bajeti: alasiri moja kwa wiki. Nchini Kenya, Priscilla Sitienei, mkunga wa Ndalat, aliketi darasani akiwa amepita miaka 90, pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea mwenyewe walipozaliwa, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99. Huyo alilazimika kuifuata shule mwenyewe. Shule zetu nyingi ziko umbali wa fimbo na hatua chache kutoka kwenye vibaraza vya wazee.

Alhamisi iliyopita watoto walikuwa wakiorodhesha samaki wa zamani kwenye daftari. Bibi yule wa macho mekundu aliwapa majina kumi na saba, akasema liko jingine, limemtoka. Alifikiri mpaka tukafunga. Jumamosi alfajiri simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa herufi kubwa tupu, umetoka kwenye namba yake, neno moja tu, jina la samaki ambalo sijawahi kulisikia katika maisha yangu.