Hesabu Samaki wa Dimbwi, Usiwamalize

Mvua ya gu ikinyesha Garissa, wengi wetu huona matope, mbu na bodaboda zilizokwama. Safari hii chungulia madimbwi ya nyanda za mto Tana. Mna samaki wadogo, dume amevaa rangi kama leso mpya. Hawakuanguka na mvua, eti!

Hao ni jamii ya Nothobranchius. Hutaga ndani ya udongo. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, mayai yabaki matopeni yakingoja mvua nyingine. Jamaa yao wa Msumbiji hukomaa kwa takriban siku 14 tu tangu kuanguliwa, na ndiyo maana maabara za Ujerumani zinawafuga kuchunguza uzee. Sisi tunawapita tukikimbilia mjini.

Tunasema vijana wawahesabu, lakini kwa adabu. Ukikokota chandarua cha mbu dimbwi zima, umefagia kizazi kizima, na hakuna kijito cha kukuletea wengine.

Nenda asubuhi, kwani saa sita maji ya kina kifupi huwa moto. Salimia wachungaji, ngoja ngamia wanywe kwanza. Chukua wavu laini na bakuli angavu lenye maji ya dimbwi lilelile. Lowesha mikono, mkono mkavu humtoa samaki utelezi unaomkinga. Kivulini, piga picha ya ubavu kando ya rula, andika dume wangapi na jike wangapi, kisha rudisha palepale. Dakika mbili zatosha. Kabla ya dimbwi la pili, osha na ukaushe wavu na viatu, usije ukahamisha ugonjwa. Na usihamishe samaki hata mmoja, hata kama unamwonea huruma.

Picha ukiipandisha iNaturalist, ficha mahali hasa. Wapo wanunuzi wa samaki wa urembo ambao hawahitaji kuelekezwa mara mbili. Kiangazi, usichimbe udongo kutafuta mayai.

Kuna jambo linalotukera zaidi. Tingatinga likija kuchimbua silanga, udongo unaotupwa kando unaweza kuwa na mayai ya msimu ujao. Maji ya mifugo ni lazima, hatubishi. Lakini anayepanga kazi hiyo atasikiliza nani, kama hakuna aliyeandika popote kwamba samaki wapo? Daftari lako, lenye tarehe na picha, ndilo la kuweka mezani kabla mashine haijawashwa.