Waliomkataza Mama Kitabu

Wasomaji, hoja za kumkataza mama kitabu mnazijua. Mmezisikia kwenye sherehe za kipaimara, kwenye vikao vya harusi, kwenye jumuiya, na mara nyingi zaidi nyumbani, mama anaposhika kitabu usiku na mtu akauliza kama kazi zimekwisha. Hapa Endagikot na kata jirani za Mbulu nimezisikiliza kwa miaka mingi, tena kutoka kwa watu wanaolijua Neno. Nitazitaja kama wao wanavyozitaja, kisha nizipime. Hukumu ni yenu.

Wanasema, kwanza, kwamba muda wa mama ni wa nyumba. Kuna ng'ombe, kuna maji, kuna kuni, kuna vitunguu swaumu shambani, na saa anayokaa na kitabu ameitoa kwa watoto. Kazi hizo ni za kweli. Anayezidharau hajawahi kupanda kilima chetu na ndoo kichwani. Lakini fuatilieni wanavyoendelea. Mtoto akirudi na matokeo mabaya, swali lao la kwanza ni mama yake alikuwa wapi. Asipojua kusali, mama. Asipoamkia wakubwa, mama. Kwa maneno yao wenyewe, basi, mama ni mwalimu. Ni mzazi gani angekubali shuleni mwalimu ambaye kwa miaka 20 hajafungua kitabu kipya? Kama mama si mwalimu, lawama zikome. Kama ni mwalimu, saa yake ya kusoma ni sehemu ya kazi ile ile wanayomdai.

Wakibanwa hapo, wanahamia kwingine: kufundisha ni kazi ya shule, na sheria inasema hivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Sawa, na sijamsikia mama wa Endagikot anayetaka kumficha mtoto nyumbani. Ila sheria hiyo haikugusa jioni, wala Jumapili, wala likizo, wala miaka ile mtoto hajafikisha umri wa kuandikishwa. Na kuna kipindi ambacho kila mtu anakikumbuka. Machi 17, 2020 serikali ilifunga shule kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu shule ilikuwa jikoni. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini redio haimsahihishii mtoto daftari. Aliyesahihisha ni mama, pale alipoweza. Pale alipokuwa ameacha kusoma tangu alipotoka darasa la saba, daftari lilibaki tupu. Waliosema kufundisha si kazi yake hawakujitokeza kumpokea mzigo.

Ya tatu inasemwa kwa upole: mama alishamaliza shule, kusoma anakujua, amwachie mtoto zamu yake. Hapa historia ya nchi yetu inatosha. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 serikali iliwahesabu kuwa kama asilimia 10 tu. Wazazi wetu walikaa chini ya miti na daftari, wakasikiliza redio kwa vikundi katika kampeni ya afya ya 1973, Mtu ni Afya, wakasoma, kisha wakachimba vyoo. Halafu sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya asilimia 20 ya wenye miaka 15 na kuendelea hawajui kusoma na kuandika. Vipimo vya miaka hiyo havikulingana, nakubali, na idadi ya watu ilikuwa imekua. Lakini waliosimamia elimu ya watu wazima walilijua jambo moja mapema: anayejifunza kusoma kisha akakosa cha kusoma, husahau. Ndiyo maana walianzisha maktaba za vijijini na magazeti ya wasomaji wapya. Kusoma hakuwekwi kabatini pamoja na cheti.

Ya nne ina ncha mbili, na zinachomana. Upande mmoja wanasema mama akizama kwenye vitabu vya Kiswahili, Kiiraqw, lugha yetu, kitakufa nyumbani. Upande wa pili, mara nyingi mdomo ule ule, wanamwambia aache Kiiraqw na watoto ili wasichelewe shuleni. Wachague. Mimi naona mama anayesoma anaweza kuzibeba lugha zote mbili, kwa kuwa Kiiraqw nacho kimeandikwa. Agano Jipya la Kiiraqw lipo tangu miaka ya 1970. Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ilitoka 2002, na mmoja wa watungaji wake watatu ni mwanamke, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtoto aliyesomewa hadithi kwa Kiswahili na kuelezwa maana yake kwa Kiiraqw hajapoteza lugha yoyote.

Kuhusu kiburi, kwamba anayesoma hujiona: wapo wanaojiona kwa ng'ombe, na hatujawahi kukataza ng'ombe.

Sasa nije kwenye hoja wanayoipenda kuliko zote, Mithali 31. Mke mwema, wanasema, huamka kabla ya alfajiri, hufuma, hununua shamba, huwalisha watu wa nyumba yake, na hakuna mahali anapotajwa ameshika kitabu. Ni kweli, hatajwi. Ila naomba mrudi juu, kwenye mstari wa kwanza wa sura hiyo, ule ambao kwenye harusi haufunguliwi. Sura inaanza kwa kutuambia kwamba haya ni mausia ya mama, mama yake mfalme Lemueli, aliyomfundisha mwanawe. Mwalimu wa sura yote ni mwanamke. Alimwonya mfalme juu ya pombe na juu ya haki ya maskini, mambo ambayo mtu hayafundishi bila kuwa na hazina ya maneno na akili iliyozoezwa kupima.

Kisha tazameni sifa zenyewe. Kwa Kiebrania, mistari ile 22 ya mke mwema inafuata alfabeti: wa kwanza unaanza na alefu, unaofuata na bethi, mpaka herufi ya mwisho. Aliyeitunga alimsifu mwanamke kwa kufuata herufi moja baada ya nyingine. Na ndani ya herufi hizo imo ile inayosema mdomo wake hufunguka kwa hekima na mafundisho yako ulimini mwake. Mafundisho hayo yametoka wapi, kwa mtu asiyeruhusiwa kujifunza? Taa yake haizimiki usiku, wanatukumbusha, kama ushahidi kwamba anafuma. Mstari hausemi anafanya nini kwenye taa hiyo. Wao ndio walioongeza.

Inabaki ya mwisho, na ndiyo bora kuliko zote: asome, lakini asome Biblia tu, nyingine ni dunia. Naiheshimu, kwa sababu anayeisema hamkatazi mama kusoma; anataka kumlinda. Jibu langu limo katika waraka mmoja, wa pili kwa Timotheo. Mwanzoni Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Timotheo, Loisi, na kwa mama yake, Eunike. Mbele kidogo anasema Timotheo ameyajua Maandiko tangu utotoni. Baba yake alikuwa Myunani, Matendo 16 inasema hivyo. Ni vigumu kuona mwalimu mwingine wa utoto huo ila wanawake hao wawili. Halafu sura ya nne. Paulo yuko kifungoni, anajua siku zake zinakwisha, na anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Hatuambiwi ni vitabu gani. Tunajua tu kwamba mtume aliyekuwa akiandika Maandiko alihitaji vitabu pamoja na joho, na alivihitaji kabla ya majira ya baridi.

Gharama ya vitabu sitaibishia. Kitabu kimoja kinaweza kula fedha ya mboga ya wiki. Lakini Wawata, akina mama wa Kikatoliki, wanakutana tangu 1972, na akina mama wa Kilutheri nao wana siku yao. Kitabu kimoja kikinunuliwa kwa mchango wa akina mama kumi, kikasomwa kwa sauti nusu saa kabla ya kikao, kisha kikazunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja amelipa sehemu ya kumi. Kitakuwa cha malezi leo, cha kilimo kesho, riwaya mwezi ujao, kwa sababu mama naye ana moyo unaotaka kufurahi. Mzee wa kanisa au katekista atakayelipinga hilo asimame mbele ya kikao na kuusoma mstari anaoutegemea, kuanzia mwanzo wa sura.