Kuchekesha Nako ni Kazi

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona kijana chini ya mwembe akijipiga picha kwa simu. Anakunja uso. Anajiangusha. Wazee wanapita na kusema, "Huyu mvivu, ashike jembe!" Mimi nasema tusiharakishe kuhukumu. Soma kwanza habari za Khaby Lame.

Khaby alizaliwa Senegali, Afrika ya Magharibi, mwaka 2000. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Italia. Walikaa Chivasso, karibu na mji mkubwa wa Turin, katika nyumba za serikali. Hawakuwa matajiri. Khaby alipokua alipata kazi ya mashine kiwandani. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, aliachishwa kazi. Baba yake alimhimiza atafute kazi nyingine.

Lakini Khaby alianza kutengeneza video fupi za kuchekesha. Alizituma katika TikTok. Huo ni mtandao ambao watu wa nchi nyingi hutazamia video kwa simu zao.

Mchezo wake ni rahisi. Mtu mwingine anaonyesha njia ngumu ya kufanya jambo dogo, kama kumenya ndizi kwa kisu. Khaby anachukua ndizi yake, anaimenya kwa mkono. Kisha anafungua viganja na kutazama tu. Hasemi neno. Kwa kuwa hasemi, Mhindi anamwelewa, Mbrazili anamwelewa, nasi tunamwelewa.

Tarehe 22 Juni 2022, Khaby alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 142. Siku hiyo aliwapita watu wote wa TikTok. Mwaka huohuo alipata uraia wa Italia, nchi aliyokulia. Makampuni makubwa yamemlipa ili atangaze bidhaa zao.

Je, baba yake alikosea? Sidhani. Mzazi akiona mtoto hana mshahara, lazima aingiwe na hofu. Tena wengi hujaribu njia hii, na wanaofanikiwa ni wachache.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kumwita mwanao mvivu, mwangalie vizuri. Je, anafanya kila siku? Akikosea, anarudia mpaka apatie? Khaby alitumia saa nyingi kila siku kwa video zake. Hiyo ni kazi, ingawa haina jasho la shambani. Mwana wa namna hiyo umpe nafasi.

Nawe kijana, usitupe jembe. Lima asubuhi, chekesha jioni, mpaka kicheko kiweze kukulisha. Usichekeshe watu kwa kumdhihaki kilema au maskini. Khaby hakuhitaji kufanya hivyo.

Jambo la mwisho ni letu sote wa darasa hili. Khaby huchekesha bila maneno, lakini mkataba wa malipo huandikwa kwa maneno. Asiyejua kusoma hutia dole gumba asipopajua, na jasho lake huliwa na wengine. Kipaji bila kusoma ni shamba bila uzio. Basi kijana wako akitaka kuchekesha, mwache achekeshe. Ila umlete darasani kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini watu wa nchi nyingi wanamwelewa Khaby?
2. Kama wewe ungekuwa baba yake, ungemwambia nini mwaka 2020?