Kisima Kilichokataliwa na Bwana Afya

Bwana afya akikikataa kisima cha nyumbani hapa Katumba Songwe, tusimnunie. Masika ya Kyela hupandisha maji hadi karibu na mdomo wa shimo, na mtoto mdogo huzama kimya, bila ukelele. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaokufa maji kwa kiwango kikubwa zaidi. Tujenge ukingo unaomfika mtu mzima kiunoni, tuweke mfuniko wenye kufuli, kisha tumwite akague tena. Wanazuoni wa fiqhi humtoza dhamana achimbaye shimo katika njia ya watu bila idhini; je, uani, wanakocheza wanetu wenyewe, tulegeze? Na lile shimo la matofali nyuma ya nyumba, ambalo hakuonyeshwa, tulifukie wiki hii.