Chai ya kijani: Kwa nini kikombe si sawa na kidonge

Ukipita Instagram au kwenye magrupu ya WhatsApp, si ajabu kukutana na tangazo la namna hii: picha mbili za tumbo, moja kabla, nyingine baada, na chini yake kopo la vidonge vya chai ya kijani. Ahadi ni zilezile. Kitambi kinaisha, sukari inashuka, mafuta kwenye damu yanayeyuka.

Tatizo si kwamba yote ni uongo. Tatizo ni kwamba sifa zinazouza kopo hilo zilipatikana kwenye kikombe, na kidonge ni kitu kingine.

Jani lenyewe si geni. Chai ya kijani na chai nyeusi ya Kericho au Mufindi zinatokana na mmea mmoja. Tofauti iko kiwandani. Ya nyeusi hukatwakatwa na kuachwa ipate hewa mpaka ibadilike rangi. Ya kijani hupigwa mvuke au kukaangwa mapema ili mabadiliko hayo yasitokee, kwa hiyo hubaki na kiasi kikubwa cha kemikali zinazoitwa katekini. Maarufu kati ya hizo ni EGCG. Kwenye maabara, EGCG huonekana kupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyovunja wanga, na ikishirikiana na kafeini huchochea mwili kuchoma mafuta kidogo.

Hilo neno "kidogo" ndilo matangazo huliruka.

Sifa kubwa za chai hii zimetoka Japani. Mwaka 2006 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya watu wazima 40,000 katika eneo la Ohsaki kwa hadi miaka 11. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kuliko waliokunywa chini ya kimoja, hasa wanawake. Ni habari nzuri, ila utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kutenganisha chai na samaki wanaoliwa, kutembea, na mambo mengine ya maisha yao.

Majaribio ambamo watu hugawanywa kwa bahati nasibu hutoa picha iliyopoa zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yalikusanya tafiti 18 kuhusu chai ya kijani na unene. Katika tafiti zilizofanyika nje ya Japani, tofauti ya uzito ilikuwa kilo 0.04. Hizo ni gramu 40, pungufu ya yai moja la kuku. Za Japani zilionyesha zaidi, lakini zilitofautiana mno, kuanzia kilo 0.2 hadi 3.5.

Kwenye sukari hali ni hiyohiyo. Uchambuzi wa majaribio 27 uliotoka mwaka 2020 ulikuta sukari ya asubuhi kabla ya kula inashuka kwa wastani wa miligramu 1.44 kwa desilita, yaani kama 0.08 kwenye mashine zinazosoma milimoli. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, hakikubadilika kwa maana yoyote. Mgonjwa mwenye sukari ya 9 anayeacha metformini kwa sababu ya tangazo anabadilisha dawa kwa kitu ambacho mashine yake ya nyumbani haitakiona.

Hata hivyo, kuna mtu ambaye kikombe kitamsaidia kweli. Ni yule anayekunywa chai ya maziwa mara nne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Kijiko cha chai kina takriban gramu 4, kwa hiyo huyo anameza gramu 48 za sukari kabla hajagusa soda wala andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi kama gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana 25. Akihamia chai ya kijani isiyo na sukari, nafuu yake nyingi itatoka kwenye kile alichoacha kukoroga. Angehamia chai ya rangi bila sukari, angepata karibu faida ileile kwa bei ndogo.

Kidonge ndipo mambo yanapobadilika. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba wanywaji wa kawaida hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku, na kwamba chai ya kawaida kwa ujumla ni salama. Lakini dozi ya miligramu 800 au zaidi kwa siku kupitia virutubisho ilihusishwa na dalili za ini kuumia. Kumeza vidonge kadhaa kwa mkupuo, tena tumbo likiwa tupu, si sawa na kunywa vikombe vichache kuanzia asubuhi hadi jioni.

Haikuwa hofu mpya. Mwaka 2003 dawa ya kupunguza uzito iitwayo Exolise, iliyotengenezwa kwa chai ya kijani iliyokolezwa, iliondolewa sokoni Ufaransa na Uhispania baada ya watumiaji kupata matatizo ya ini. Mwishoni mwa 2022 Umoja wa Ulaya uliweka sheria: virutubisho hivyo vibaki chini ya miligramu 800 za EGCG kwa siku, na lebo ionye wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na wanaomeza bila kula.

Kopo linalouzwa kwa DM na kuletwa na bodaboda linaweza lisiwe na onyo lolote, wala kiasi cha EGCG kilichomo. Asiyejua dozi hawezi kuipima.

Wajawazito na wenye upungufu wa damu wana sababu nyingine ya tahadhari, maana chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Wanaomeza vidonge vya chuma wasivishushie kwa chai, iwe ya kijani au nyeusi.

Kwa aliyeanza vidonge na sasa anaona mkojo umekuwa mweusi kama kola, macho yana umanjano, au uchovu na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, avisimamishe siku hiyohiyo na aende hospitali. Kopo alibebe mkononi, ili daktari asibaki kukisia alichomeza.