Mstari wa banki unalindwa, karatasi ya mama wa Kadutu inaungua

Vijana wenzetu wa Kadutu, Ibanda na Bagira,

Kila mara televisheni inapotangaza kwamba Leta imekopa tena kwa bon du Trésor, wengi wetu tunageuza chaîne. "Hiyo inatuangalia nini sisi? Ni mambo ya banki." Hapana. Inatuangalia sana. Deni la leo litalipwa kwa kodi za kesho, na hiyo kesho ni sisi.

Tuseme mambo wazi. Tangu Oktoba 2019 Leta yetu ilirudilia kukopa kwa njia hii: Banki Kuu inafanya mnada, banki zinatoa bei, Leta inachukua feza na inaahidi kuzirudisha. Hati yenyewe haichapwi. Hakuna karatasi ya kuficha chini ya godoro. Ni mstari ulioandikwa kwenye konti, kwa jina la mwenye mali. Akiuza, mstari unatoka kwenye konti yake na unaandikwa kwenye konti ya mnunuzi.

Na kama anataka feza bila kuuza? Anaweka rehani. Congo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya dhamana, ile ya Desemba 2010, imepanga namna ya kuweka rehani konti ya hati. Mwenye konti anaandika tamko, anatia tarehe, anasaini, anataja deni na anayemdai. Basi. Hati zinabaki zake, lakini zimefungwa mpaka alipe. Na mdai hawezi kuzirukia tu: lazima kwanza ampe mdeni onyo rasmi.

Sheria nzuri. Hatuna neno juu yake.

Sasa tupande pale soko ya Kadutu. Mama anauza fretini na unga, anatafuta kapitali. Kwa banki anaulizwa certificat d'enregistrement ya parseli, sababu sheria ya ardhi ya 1973 inatambua hiyo tu. Lakini ni nyumba ngapi kwenye hivi vilima vyetu ziko na certificat? Wengi wako na fiche, ao karatasi ya mauzo yenye saini za majirani. Kwa banki hiyo si kitu. Mama anarudi anaenda kwa Banki Lambert. Pale anaacha frigo, ao ile karatasi ya parseli. Hakuna tamko, hakuna onyo rasmi, faida inapangwa kwa mdomo. Akichelewa, frigo imekwenda.

Na munajua nini kinatokea Kadutu moto ukiwaka usiku. Nyumba za mbao zinashikana, karatasi ya parseli inaungua pamoja na kitanda. Mstari wa banki kule Kinshasa hauungui. Inchi moja, wakopaji wawili: mmoja dhamana yake imejengewa ukuta wa sheria, mwingine dhamana yake ni majivu.

Kuna lingine. Agosti 2023 Banki Kuu ilipandisha kiwango chake kikuu kutoka asilimia 11 mpaka 25. Kiwango kikipanda hivyo, anayekopesha Leta naye anaomba faida zaidi. Nani anapokea? Mwenye mstari. Nani analipa? Mama wa soko, kila anapotoa taksi ya meza yake. Yeye yuko ndani ya deni tangu zamani. Ni ndani ya faida tu ndipo hajaalikwa.

Watatuambia: "Watu wadogo hawana feza za kukopesha Leta." Waje waone likirimba zetu. Wamama wanachanga kila juma, bila notaire, na feza inafika. Kenya walijaribu mwaka 2017: M-Akiba, hati ya Leta inayonunuliwa kwa telefone, kuanzia shilingi 3,000. Toleo la kwanza, shilingi milioni 150, liliisha lote. Toleo lililofuata halikujaa. Tunasema yote mawili, sababu hatuuzi ndoto. Telefone peke yake haitoshi. Watu wanahitaji kuelewa na kuamini.

Wengine watasema: "Wakati wa vita munazungumzia bon?" Ndiyo, na vita ndiyo ilitufundisha. Februari 2025 M23 waliingia Bukavu na banki zikafunga milango. Mwenye konti alisimama mbele ya mlango na kitambulisho mkononi. Sheria haikumnyang'anya chochote: guichet kufungwa hakumwondoi mtu kwenye daftari. Lakini haki isiyoweza kutumika ni haki ya ukutani. Kama mali ni mstari, mwenye mstari lazima auone popote alipo, bila kumpigia magoti mtu wa guichet.

Hatusemi mukimbie kununua kesho. Leta inaweza kuchelewa kulipa, na franka inaweza kuanguka. Tunasema mlango usifungwe kabla hatujafika.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kanuni za kununua, kuhamisha na kuweka rehani hati za Leta zitolewe kwa Kiswahili na lugha zingine za taifa, kwa maneno ambayo mama wa soko anaelewa.

2. Kiasi cha kuanzia kishuke mpaka likirimba moja iweze kununua kwa jina la kikundi.

3. Kila mwenye mstari aweze kuutazama kwa telefone yake, na apate ujumbe kabla mstari haujahamishwa ao kufungwa kwa rehani.

4. COOPEC zipokee rehani ya hati hizi kwa mikopo midogo, kwa tamko lile lile na onyo lile lile ambalo sheria inampa mkubwa.

5. Leta itangaze kila mwezi inadaiwa ngapi, na wakopeshaji ni wa aina gani: banki, kampuni ao watu binafsi.

Ndugu, dada: safari nyingine wakitangaza mnada, musigeuze chaîne. Muulize: ni feza ngapi, kwa faida gani, na nani atalipa? Mbunge akikuja kuomba kura, mumuulize hayo hayo mbele ya watu. Asipojua, ajue kwamba sisi tunajua.

Jina letu liko tayari kwenye deni. Tunataka liandikwe pia kwenye daftari.

Kadutu, Bukavu